Ngoma za Mto Aruwimi na Tarehe ya Banalia

Mto Aruwimi, ambao katika nchi za juu huitwa Ituri na ambao hupokea jina la Aruwimi pale Bomili unapokutana na mto Nepoko, huteremka kutoka mashariki kwenda magharibi katikati ya msitu ambao jua la adhuhuri huufikia chini kwa vipande vipande tu, ukapita Panga, ukapita Banalia, ukajirusha katika maporomoko ya Yambuya, hata mwisho ukajimimina katika mto Kongo mbele ya mji wa Basoko. Banalia ni mji mdogo, makao makuu ya teritwari iitwayo kwa jina lake katika mkoa wa Tshopo, uliokaa ukingoni mwa maji yapata kilomita 128 kaskazini ya Kisangani, mahali ambapo barabara iendayo Buta hukatwa na mto na kila msafiri, awe tajiri awe fukara, hana budi kungojea kivuko pamoja na wenziwe. Nchi hiyo ni ya Wamanga, na Waboro, na Wapopoi, na Wabangba, watu wa msitu na wa mto kwa pamoja, wakulima wa migomba na mihogo, wavuvi na wawindaji, ambao lugha zao za mama huzitumia nyumbani, na Kilingala na Kiswahili huzitumia sokoni na njiani.

Msomaji akifungua vitabu vya Wazungu vya karne ya 19 ili ajue habari za Banalia, atalikuta jina hilo limeandikwa mara nyingi kuliko ukubwa wa mji unavyodai, na sababu yake ni moja tu: hapo ndipo alipouawa Meja Edmund Barttelot, afisa wa Kiingereza, alfajiri ya tarehe 19 Julai 1888. Kifo hicho kiliandikiwa vitabu, kikajadiliwa magazetini, kikazusha ugomvi baina ya wakubwa wa London. Na katika majadiliano hayo yote lile jambo lililokuwa chanzo cha kifo, nalo ni ngoma iliyopigwa na mwanamke, lilitajwa kama mtu atajavyo mvua iliyokuwa ikinyesha siku ya ajali. Nionavyo mimi, ngoma hiyo ndiyo habari yenyewe, na meja ndiye tanbihi yake. Kwa maana Aruwimi ni mto wa ngoma, na mara mbili katika muda wa miaka 11 wageni wenye silaha walizisikia sauti zake wasizifahamu, wakazijibu kwa kile walichokifahamu.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 1 Februari 1877. Henry Morton Stanley, aliyetoka Nyangwe na Wangwana wake wa Unguja na wa Mrima, na aliyekwisha kuagana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, ambaye alimsindikiza sehemu ya njia kisha akarejea, alikuwa ameyapita maporomoko saba ya Boyoma mwezi Januari kwa mashaka makubwa, na sasa alikuwa akiteremka na mto mpana kwa mitumbwi. Ngoma zililia mbele yake. Kijiji hiki kilipokezana na kile, na habari za ujio wake zikamtangulia kwa mbio ambazo hapana mtumbwi uwezao kuzifikia, naye mwenyewe aliandika kwamba watu wa nchi ile walikuwa na njia yao ya kupelekeana habari kwa ngoma kubwa ambazo wazijuao huzifahamu kama mtu afahamuvyo maneno ya kinywa. Alipofika mahali Aruwimi inapoingia Kongo, akatokewa na kundi la mitumbwi. Aliihesabu akapata 54, na mmoja miongoni mwao aliueleza kwa ajabu asiyoweza kuificha, maana ulikuwa na wapiga makafi 80, arubaini kila upande, wamesimama, wakiinama na kuinuka pamoja kwa mahadhi ya wimbo. Tezini watu wanane wakiuongoza kwa makafi marefu yaliyopambwa kwa vifundo vya pembe. Na kwenye omo, juu ya jukwaa, vijana kumi hodari wamevaa manyoya mekundu ya kasuku.

Stanley aliyaona hayo yote, na uzuri wake hakuukana, lakini aliyasoma kwa herufi moja tu, nayo ni vita. Akatia nanga, akawapanga watu wake nyuma ya ngao, akafyatua bunduki; kisha hakuridhika kuwarudisha nyuma, akawafuata hata vijijini mwao, akachukua pembe zao za ndovu. Katika kitabu chake mapigano hayo yamekuwa mojawapo ya masimulizi yaliyosomwa sana, na wachoraji wa Ulaya wakaifanyia picha ile mitumbwi na yale manyoya, na kwa miaka mingi ulimwengu haukuwa na habari nyingine juu ya watu wa mlango wa Aruwimi ila hiyo.

Hata hivyo alikuwako mtu mmoja aliyekuwa upande wa pili siku ile, naye akaishi hata uzeeni. Padri Joseph Fraessle, mmisionari wa Kikatoliki aliyekaa katika nchi ya Lohali, ambalo ni jina jingine la mto huohuo, alimsikiliza mtemi Mojimba akisimulia, akayatia maneno yake katika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1926. Mojimba alieleza kwamba ilipokuja habari kuwa mtu mwenye mwili mweupe anashuka na mto, walistaajabu, wakashauriana, wakaona kwamba huyo lazima ni mmoja katika ndugu zao waliozama majini, ambaye ameupata uhai mpya huko chini na sasa anarejea kwa watu wake. Basi wakaamrishana karamu, wakavaa mavazi ya sherehe, wakaikusanya mitumbwi mikubwa, wakatega masikio kungojea ngoma iwaambie kwamba mgeni amekaribia, na ilipowaambia, wakatoka kwa nyimbo na michezo kwenda kumlaki. Jawabu lililotoka katika mitumbwi ya mgeni lilikuwa moshi na risasi.

Ajabu ya mambo haya ni kwamba masimulizi mawili hayapingani katika lolote lililoonekana kwa macho. Manyoya ni yaleyale, wimbo ni uleule, vijana waliosimama mbele ni walewale, ngoma ni ileile. Sitadai kwamba mzee aliyesimulia baada ya miaka mingi hakuongeza wala hakupunguza, kwani hakuna msimulizi aliyeepukana na hilo, na Stanley hakuepukana nalo hata kidogo; ila mtu akiuliza ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa na elimu ya kuzisoma zile alama, jawabu haliwezi kuwa yule aliyefika nchi hiyo kwa mara ya kwanza asubuhi ileile. Na kabla ya kuyaacha ya mwaka 1877, yafaa kukumbuka kwamba mtumbwi wa kubeba watu mia kasoro hautengenezwi na watu wasiokuwa na serikali: mti huchaguliwa msituni, huangushwa, huchimbwa kwa tezo na moto, huvutwa na kijiji kizima hata majini, na watu wanane kwa tezi na arubaini kwa arubaini kwa makafi hawaendi kwa pumzi moja pasipo mazoezi, na amri, na mtu mwenye haki ya kuitoa hiyo amri.

Miaka kumi ilipita, na ulimwengu ukabadilika. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipata Dola Huru la Kongo katika mkutano wa Berlin. Watu wa Tippu Tip, Waarabu na Waswahili na Wamanyema, walikwisha fika Stanley Falls, ndiyo maporomoko ya Boyoma, na kupita, wakitafuta pembe na watumwa. Na mwaka 1886 waliiteka ngome ya hilo dola pale kwenye maporomoko. Ndipo Stanley, aliyekuwa akijiandaa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta huko Sudan aliyezingirwa na watu wa Mahdi, alipofanya na Tippu Tip mkataba huko Unguja mwezi Februari 1887: Tippu Tip atakuwa liwali wa Stanley Falls kwa jina la Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na atatoa wapagazi kwa ajili ya msafara. Wakapanda meli iitwayo Madura tarehe 25 Februari, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia Kongo kwa mlango wake wa magharibi. Katika meli hiyo walikuwamo mamia ya vijana wa Unguja waliotia alama zao katika daftari la upagazi, na wengi wao hawakuiona tena Shangani wala Ng'ambo.

Tarehe 28 Juni 1887 Stanley aliondoka Yambuya na watu 389, akaingia msituni, akamwacha Meja Barttelot na wenziwe walinde mizigo mpaka Tippu Tip alete wapagazi walioahidiwa. Wapagazi hawakuja. Stanley baadaye alimlaumu Tippu Tip. Naye Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu na yakachapwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, alijitetea kwamba Stanley ndiye aliyevunja ahadi ya baruti, na mtu hawezi kuwapeleka watu wake msituni mikono mitupu. Stanley alimshtaki Unguja, kisha kesi ikaachwa. Mwenye kupenda kesi za namna hiyo atakuta mengi ya kusoma. Mimi yanishughulisha zaidi yaliyotendeka Yambuya kambini, kwa kuwa huko watu walikufa kwa jambo ambalo mtoto yeyote wa Aruwimi angaliweza kuwafundisha.

Kambi ilizungukwa na mashamba ya mihogo. Muhogo wa nchi ile ni mchungu, una sumu ndani yake, na ufundi wa kuiondoa sumu hiyo ni mali ya akina mama wa msituni: mizizi hulowekwa katika maji siku tatu au nne hata ikalainika na kuanza kuchacha, ndipo humenywa, ikatolewa nyuzi, ikatwangwa na kukandwa, ikafungwa katika majani mapana na kupikwa kwa mvuke, nayo ikawa chikwange ambayo msafiri wa mtumbwi huweza kukaa nayo siku nyingi pasipo kuharibika. Katika hatua zote hizo hapana hata moja ya bure. Wapagazi wa kambi, wenye njaa, wasio na bidhaa za kununulia samaki wala nyama, waliopewa viboko kwa wizi mdogo mdogo na waliozuiliwa na uadui wa kambi kuchangamana na wenyeji, waliila mihogo ile mibichi au iliyochomwa juujuu. Na Stanley mwenyewe alipokuja kuchunguza sababu za vifo vyao, aliuhesabu muhogo usiotengenezwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Zaidi ya nusu ya watu wa kambi ile walizikwa. Wenyeji walikuwa ng'ambo ya mto, wakila chakula hichohicho, wakinawiri.

Ilipofika Juni 1888, Barttelot alipewa na Tippu Tip yapata Wamanyema 400 chini ya kiongozi aitwaye Muni Somai, akaondoka Yambuya tarehe 11 akiufuata mto kwenda juu. Banalia, au Unaria kama ilivyoandikwa pengine, ilikuwa wakati huo kituo cha Wamanyema wa Tippu Tip, na hapa hatuna haki ya kupamba: wenyeji wengi walikuwa wamekimbilia msituni kwa kuwaogopa hao hao, na pembe zilizojaa kituoni zilikuwa na bei ya damu. Kiswahili nacho, ambacho leo ni lugha mojawapo kati ya lugha nne za taifa la Kongo, kiliingia Aruwimi kwa njia hiyohiyo, kikiwa lugha ya kambi kabla hakijawa lugha ya shule na kanisa na mahaba. Yatupasa kukipenda tukiijua njia kiliyopita.

Kila kunapopambazuka, Wamanyema walikuwa na desturi ya ngoma na nyimbo, na wanawake wao ndio waliokuwa waimbaji. Alfajiri ya tarehe 19 Julai mwanamke mmoja, mke wa mnyapara aitwaye Sanga, akaanza kupiga ngoma na kuimba kama ilivyokuwa ada yao ya kila siku, ambayo William Bonny, Mzungu mwingine aliyekuwapo, aliitaja katika taarifa yake kuwa ni ada. Barttelot, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amedhoofishwa na homa, na upweke, na ghadhabu ambayo hata marafiki zake hawakuificha, alimtuma mtumishi wake aende akaikomeshe. Mtumishi akajibiwa kwa kelele, na risasi mbili zikapigwa hewani. Meja akatoka nje na bastola mkononi, akasema atamwua mtu wa kwanza atakayemkuta akipiga bunduki, akapita katikati ya watu hata akamfikia yule mwanamke, akamwamuru anyamaze. Hapo Sanga, aliyekuwa ndani ya nyumba iliyo jirani, akapenyeza bunduki katika tundu la ukuta, akampiga chini ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Kambi ikasambaratika, Wamanyema wengi wakakimbia na mizigo, na Muni Somai mwenyewe akatoroka. Bonny akamzika meja, akaikusanya mizigo aliyoweza kuikusanya. Sanga alikamatwa, akafikishwa mbele ya baraza huko Stanley Falls mwezi Agosti, akahukumiwa, akapigwa risasi. Na James Jameson, afisa mwenzake Barttelot, aliyehudhuria hukumu hiyo, aliteremka mto kutafuta msaada, akafa kwa homa huko Bangala tarehe 17 Agosti. Siku ileile, mamia ya kilomita kutoka hapo, Stanley alikuwa akishuka Aruwimi kwa mitumbwi kutoka mashariki, akaona bendera ya Misri ndani ya boma la Banalia, akamkuta Bonny mlangoni, na nyuma yake mifupa iliyovikwa ngozi ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa vijana wa Unguja.

Kisha vikaja vitabu. Ndugu yake Barttelot alichapisha shajara na barua za marehemu mwaka 1890 ili kuitetea heshima ya ukoo. Mjane wa Jameson naye akachapisha za mumewe mwaka huohuo. John Rose Troup, mmoja wa wenziwe Barttelot wa Yambuya, akaandika chake. Stanley alikuwa na juzuu zake mbili. Na Herbert Ward, mwenzao mwingine wa kambi hiyo, akaleta kingine baadaye. Wote hao walibishana juu ya nani alivunja amri ya nani, na barua ipi ilifika au haikufika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwanamke yule alikuwa akiimba nini. Ward, ambaye alikuja kuwa mchongaji mashuhuri wa sanamu za shaba na alikusanya vitu vya Kongo kwa wingi mno, ambavyo baada ya kufa kwake vilipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington mwaka 1921, huenda angalikuwa mtu wa kuuliza. Lakini yeye hakuwapo Banalia siku ile, na alipoandika alikuwa, kama wenziwe, akiwaandikia Waingereza juu ya Waingereza.

Nusu karne ilihitajiwa hata apatikane mgeni wa kukaa chini na kusikiliza. John Carrington, mwalimu wa misheni ya Kibaptisti, alifika Yakusu, karibu na Kisangani, mwaka 1938, katikati ya Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mto ambao mitumbwi yao na masoko yao yaliziunganisha nchi zote kuanzia Kisangani hata Basoko na zaidi. Aliona ya kuwa akisafiri kwenda kijiji asikokuwa ametuma habari, alikuta watu wamekwisha kusanyika wakimngoja, mwalimu na mganga na wazee, kila mtu mahali pake. Badala ya kustaajabu tu, alijifunza. Na mwaka 1949 akatoa kitabu chake juu ya ngoma zisemazo za Afrika, ambacho mpaka leo wataalamu wa lugha na wa mawasiliano hurejea kwacho.

Alichokieleza ni hiki, na chafaa kusemwa kwa kituo. Ngoma ya habari haiwambwi ngozi. Ni gogo la mti mgumu mwekundu, lililokatwa ufa mwembamba juu yake na kuchimbwa ndani kupitia ufa huo huo kwa saburi ya siku nyingi, fundi akiacha ubavu mmoja mnene kuliko mwingine, hata midomo miwili ya ufa ikatoa sauti mbili, moja huitwa ya kiume na moja ya kike. Nayo hupigwa kwa vijiti viwili vilivyovikwa mpira wa msituni katika ncha. Sasa lugha za nchi ile, kama Kilokele na nyingi za jirani, ni lugha za kupanda na kushuka sauti, ambamo neno likibadilishwa sauti hubadilika maana. Basi mpigaji hatumi alama zilizobuniwa, bali husema lugha yenyewe kwa sauti zake tupu, akiziacha konsonanti na vokali kinywani. Tatizo la dhahiri ni kwamba maneno mengi yana mwendo mmoja wa sauti, na ngoma ikisema neno moja tu, msikilizaji ana maneno kumi ya kuchagua. Wahenga wa mto walilitatua hilo kwa ushairi: hapana neno linalopelekwa peke yake. Mwezi hutajwa pamoja na jinsi uitazamavyo dunia, kuku hutajwa pamoja na mlio wake, muhogo pamoja na konde ulikobaki, na kila neno hupambwa kwa kifungu kirefu kilichokubaliwa tangu enzi, ambacho urefu wake ndio unaoliondolea utata. Ndiyo sababu habari fupi kwa kinywa huwa ndefu kwa ngoma, na ndiyo sababu mpigaji stadi ni malenga kabla hajawa mpiga ngoma. Wataalamu wa simu huko Marekani, waliokuja baadaye kuandika kwa hesabu kwamba ujumbe unaopita katika kelele hauna budi kuongezewa maneno ili usipotee, walikuwa wakithibitisha kwa tarakimu jambo ambalo wazee wa Yakusu na Basoko walikuwa wakilitenda kila jioni.

Jioni, na alfajiri. Saa hizo hewa juu ya mto hutulia na sauti huenda mbali, na ndizo saa walizozichagua wapigaji kutangaza kifo, ndoa, mkutano, hatari, au mashindano ya mieleka. Barttelot, aliyedhani kwamba ngoma ya alfajiri ni utovu wa adabu kwa mtu aliyelala, alikuwa akilala katika nchi ambayo alfajiri ni saa ya kusema.

Fauka ya hayo, kila mtu kwa Walokele alikuwa na jina la ngoma, na jina hilo halikuwa la mkato: lilichukua jina lake mwenyewe, na la baba yake, na habari ya watu wa mama yake, hata mtu akiitwa kutoka ng'ambo ya mto, ukoo wake wote huitwa pamoja naye. Carrington naye alipewa lake, na mkewe alikuwa akimwita kwa ngoma arudi nyumbani kula chakula cha mchana, jambo ambalo magazeti ya Ulaya na Marekani yaliliona kuwa mzaha mzuri na wenyeji waliliona kuwa mwenendo wa kawaida wa mke mwenye akili. Carrington alilalamika, hata hivyo, kwamba vijana waliokuwa wakitoka shuleni katika miaka ya 1950 walikuwa wakijua kusoma barua wasijue kusoma ngoma. Mke wa Sanga alikuwa Mmanyema, na desturi za kwao zilikuwa mbali na hizi. Lakini haiwezekani kusoma habari za majina ya ngoma bila kuona kwamba katika vitabu vyote vile vya mwaka 1890, vilivyotaja mpaka idadi ya shanga na masanduku ya Yambuya, jina lake halimo hata kwa silabi moja.

Yaliyofuata katika tarehe ya Banalia nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo. Tippu Tip aliondoka Stanley Falls mwaka 1890, akawaachia jamaa zake madaraka, akafa Unguja mwaka 1905. Vita vya mwaka 1892 hata 1894 viliuvunja utawala wa Waarabu Kongo ya mashariki. Mahali pao pakachukuliwa na askari wa Leopold waliokuwa na kambi yao Basoko, na pembe ikafuatwa na mpira, na mpira ukadai mikono na pumzi za watu wa msitu kwa ukatili ambao ulimwengu ulilazimika kuusikia, hata mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme wake nchi hiyo. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, alitoka mji huo kwenda kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru mwaka 1960. Miaka minne baadaye uasi wa Simba ulipita katika barabara ya Buta, na Banalia palikuwa mojawapo ya mahali walipouawa wamisionari, na wananchi wengi wa nchi hiyo wakapotea pasipo kuandikiwa vitabu.

Katika misukosuko hiyo yote chikwange haikubadilishwa namna ya kupikwa, kwa sababu haiwezi kubadilishwa. Anayeharakisha siku za kuloweka huadhibiwa na tumbo lake. Mitumbwi ya gogo moja bado huvuka Aruwimi. Ngoma za ufa zingaliko katika vijiji na makanisa ya Tshopo, ingawa mkononi mwa wengi simu imechukua kazi yao ya habari na kuziachia ile ya sherehe, na mtu wa kuketi na wapigaji waliobaki, akaandika vifungu vyao kimoja kimoja kabla hawajaondoka, angekuwa amelifanyia taifa kazi kubwa kuliko ya kuchonga sanamu. Chuo Kikuu cha Kisangani kiko kilomita 128 tu kutoka kivukoni, nacho kina wanafunzi ambao mabibi zao waliitwa kwa majina ya ngoma.

Mwaka 1966 serikali ya Kongo iliyafuta majina ya wageni: Stanleyville ikawa Kisangani, Leopoldville ikawa Kinshasa, na baadaye maporomoko ya Stanley yakarejea kuwa Boyoma. Makarani waliotumwa kurekebisha ramani za mkoa walikuwa na kazi nyingi, mabango ya kung'oa na mihuri ya kuchonga upya. Banalia haikuwapa kazi yoyote. Iliingia katika daftari za Leopold kwa jina ililokuwa nalo, meja aliyezikwa hapo hakuachiwa hata mtaa, na madereva wa malori ya Buta, wakiwa wamepanga foleni kungojea kivuko kije kutoka ng'ambo, huiita mpaka leo kwa jina hilohilo.